Jezi Namba Mbili

MJOMBA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MPWA: Ni mimi, mjomba. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba. Ngoja nikuweke spika, masikio yangu siku hizi ni pambo tu. Ehe, Katibu wetu. Za huko?

MPWA: Niko kwa mpiga chapa. Mama yuko karibu?

MJOMBA: Yuko uani, anaanika nguo. Nimwite?

MPWA: Usimwite. Nakutaka wewe. Kijitabu kimeshaingia mashineni, miaka thelathini ya klabu yetu ya raga, nami nimesimamisha ukurasa wa tisa.

MJOMBA: Umesimamisha? Sherehe si kesho?

MPWA: Ndiyo maana nimepewa robo saa tu.

MJOMBA: Una nini huo ukurasa?

MPWA: Una baba.

[Mtandao unakwaruza.]

MJOMBA: Sikupati vizuri, mwanangu, labda baadaye—

MPWA: Unanipata. Uliniandikia kwa mkono wako: "Mwaka huo mwanzilishi wetu alianguka kwenye ngazi mbovu ya Fundi Bati, akafariki siku ya tatu." Ndivyo nilivyokua nikiambiwa. Jana nimesoma daftari la timu, lile ulilolifungia kwenye kabati la mipira.

MJOMBA: Nani kakupa ufunguo?

MPWA: Kabati umelichonga wewe, mjomba. Bawaba zimejing'oa zenyewe. Siku hiyohiyo ya ngazi tulicheza na timu ya ng'ambo ya mto. Mstari wa mbele, namba mbili, jina la Fundi Bati limekatwa. Juu yake kuna jina la baba. Mwandiko ni wako.

MJOMBA: Daftari la zamani hilo. Wino unafifia, mtu anaweza—

MPWA: Mjomba.

MJOMBA: Yaliyopita si ndwele, mwanangu.

MPWA: Haya, tugange yajayo. Yajayo ni kesho. Fundi Bati atakaa kiti cha nyuma kabisa kama kawaida yake, na mama atampita kama anapita gogo. Miaka ishirini na miwili hajamwitikia salamu. Nusu ya kijiji hawampi kazi ya paa kwa ajili ya hiyo ngazi. Sasa nami nimchapie nakala mia mbili?

MJOMBA: Punguza sauti.

MPWA: Na kwa nini jezi namba mbili haivaliwi? Mstari wa mbele, wa kulia anavaa tatu, wa kushoto moja, wa katikati tunamvalisha kumi na sita. Ukiuliza, ooh, ilipotea. Nilipoingia ukatibu nikashona mpya, ukaninyang'anya mkononi.

MJOMBA: Haikupotea.

MPWA: Iko wapi?

MJOMBA: Tuliikata na mkasi. Ilibidi tumvue bila kuigusa shingo. Halafu tukamvalisha shati lake la kazi.

[Mashine inanguruma mbali.]

MPWA: Endelea.

MJOMBA: Fundi Bati alichelewa. Baba yako alikuja kutazama tu. Nikamwambia, shemeji, kipindi kimoja, utuokoe. Yeye alikuwa mkimbiaji wa pembeni, hapo katikati hajawahi kuinama hata siku moja. Nilijua. Skramu ya tatu, wanane wetu na wanane wao wakasukumana, ikaporomoka, yeye chini. Niliisikia ile shingo.

MPWA: Na ngazi?

MJOMBA: Alimwahidi mama yako kwamba raga basi, tangu ulipozaliwa wewe. Yuko pale kwenye nyasi, hawezi hata kuinua kidole, anasema, "Mke wangu asijue." Ndiyo kwanza Fundi Bati anafika kutoka kazini, ngazi begani. Akasema, semeni ni ngazi yangu. Sote tuliokuwa uwanjani tukaapa kunyamaza.

MPWA: Mwenyewe?

MJOMBA: Alijiona ndiye aliyemuua, kwa kuchelewa. Nami nikamwacha ajione hivyo. Niliogopa klabu itafungwa. Niliogopa uso wa dada yangu, huo ndio ukweli wenyewe.

MPWA: Mpiga chapa ananionyesha saa.

MJOMBA: Basi futa ukurasa wote.

MPWA: Nikiufuta, ngazi inabaki palepale.

MJOMBA: Andika. Andika ni nahodha aliyemwingiza, na jina langu lionekane. Ila niachie mama yako nimwambie mimi. Leo hii, kabla ya—

MPWA: Umeshawahi kusema hivyo?

MJOMBA: Kila Jumamosi ya mechi, moyoni mwangu.

MPWA: Mjomba, salio langu limeshalia mara mbili. Nimwambie achape? Mjomba? Upo?

MJOMBA: Nipo. Dada yuko mlangoni.

MPWA: Mama? Tangu saa ngapi?

MJOMBA: Sijui. Ana beseni mkononi. Simu iko spika, mwanangu.

MPWA: Mpe. Mama? Mama, unanisikia?

MJOMBA: Haitaki. Kaweka beseni chini. Dada, keti kwanza, niku— Hanitazami. Anavaa viatu.

MPWA: Anakuja huku?

MJOMBA: Hapana. Ananiuliza, Fundi Bati bado anakaa nyumba ileile ya—

[Simu inakatika.]