Mwalimu Gozbert Ameingia Mstarini

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mwalimu Gozbert anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti. Miaka yote hiyo shule yetu hapa Chamazi haikuwa na mwalimu mwingine wa michezo, na kwa muda mrefu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Mchakamchaka wa asubuhi ulikuwa wake. Watoto walizunguka uwanja wakiimba hadi sauti zikauke. Yeye alisimama kando ya tangi la maji, filimbi shingoni, chapati mkononi. Ukimuuliza mbona hakimbii, alijibu kwamba refa hafungi magoli.

Miaka mitatu iliyopita chaki ilianza kumtetemeka mkononi. Tukamtania kwamba ameiba kuku wa mtu. Kumbe ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kukakamaza miguu. Daktari alimpa dawa, akamwagiza na mazoezi ya kutoa jasho, kwa kuwa watafiti wanaona dalili kwamba huenda yanasaidia kuulinda ubongo, ingawa bado wanachunguza. Mwalimu alirudi mnyonge, akataka kuacha kazi mapema. Mkewe, Bi Editha, alikataa katakata: watoto wa watu umewakimbiza miaka yote, sasa zamu yako.

Kesho yake akaingia mstarini. Darasa la tatu walifurahi kupita kiasi, wakatunga wimbo palepale: “Mwalimu yuko wapi? Yuko nyuma! Chapati iko wapi? Iko tumboni!” Alikimbia huku akicheka, na hajakosa asubuhi tangu siku hiyo.

Tusidanganyane, ugonjwa haujaondoka. Kuna siku miguu inamganda mlangoni mwa ofisi, hasogei mbele wala nyuma. Lakini mtu akianzisha wimbo ule, miguu inaupata mwendo na anapita. Sisi wenzake tuliogopa sana kwamba hataifikia siku hii akiwa kazini. Ameifikia.

Sasa, ndugu wageni, sikilizeni. Mwalimu ataitwa mbele kupokea zawadi, na amekataa kushikwa mkono. Akiganda njiani, msiinuke kumsaidia. Imbeni. Mkifika pale pa kuuliza Mwalimu yuko wapi, jibu la leo ni: “Yuko mbele!”

Asante kwa yote, Mwalimu. Mungu akujalie afya na mapumziko mema, ila Jumatatu asubuhi darasa la tatu wanakusubiri uwanjani.