Ploti Niliyoiona Jumapili Tu

Akina mama wa chama, hamjambo? Naona mmenipa kiti cha mbele, na mimi nikipewa kiti cha mbele huwa najiuliza mnataka nini kwangu. Chekeni tu, mnanijua. Hata chai nainusa kabla ya kunywa. Na bado, ndugu zangu, ploti ilitaka kunimeza na macho yangu yote mawili yako wazi.

Mnamkumbuka mama yangu. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya nne hapa Umoja, na miguu yake ilipokataa ngazi akawa dunia anaionea dirishani. Siku za kupeleka kifua chake hospitali, vijana walimteremsha juu ya kiti cha plastiki, yeye amejifunika uso kwa leso kwa aibu. Aliniambia mara moja tu, "Mwanangu, nisifie huku juu." Neno hilo lilinikaa kifuani. Nikasema nitajenga, hata kama ni vyumba viwili, bora mlango ufungukie udongoni.

Broka akaniletea ploti upande wa mtaa wa Lucky Summer. Iko kona, barabara ipo, maji yako karibu. Nikajiuliza, kitu kizuri hivi kinauzwa kwa nini? Mwenyewe akasema anarudi ushago, kijijini kwao. Sikumwamini hata kidogo. Nikatafuta wakili wangu mwenyewe, si yule aliyependekezwa. Hatimiliki nikaifanya ikaguliwe ofisi ya ardhi, kisha nikarudi ikaguliwe tena. Mpima ardhi alipokuja niliikodolea macho mikono yake asije akanihamishia mpaka. Kila kitu kikawa safi, na huo usafi ukanizidishia wasiwasi.

Sasa sikieni nilipopotelea. Sisi watu wa Eastlands, ploti tunaenda kuiona lini? Si Jumapili, tukitoka kanisani, na viatu vyetu vizuri? Siku nyingine uko kazini. Mimi ni fundi wa kushona, na wateja hawanipi nafasi hata Jumamosi. Kwa hivyo kila safari yangu ilikuwa Jumapili, na muuzaji aliipenda sana Jumapili yangu. "Mathe, siku hiyo ni poa, hakuna fujo." Nilimshuku, lakini nilichokishuku sicho. Nilidhani ananificha mnunuzi mwingine. Ploti ya jirani ilikuwa na geti la mabati limefungwa, na mtaa kimya, unasikia hadi ndege. Nikanunua.

Jumatatu nikampeleka fundi wa mjengo nimwonyeshe pa kuchimba msingi. Woi! Malori ya vyuma chakavu yamepanga foleni. Geti la jirani liko wazi, na upande wake wa ndani kumetundikwa ubao wa ilani, ule ambao sheria inataka kila mpita njia auone. Likifungwa, huoni kitu. Nikausoma. Mwenye ploti anaomba kaunti ibadilishe matumizi ya ardhi yake, kutoka makazi hadi kiwanda cha kuyeyusha chuma. Anayepinga aandike, na muda ulikuwa karibu kuisha.

Hakuna aliyekuwa ameniibia. Ardhi ilikuwa yangu kwa haki kabisa, ila ilikuwa inageuka mahali ambapo siwezi kumweka mama mwenye kifua kibovu. Nilimpigia muuzaji. Simu imezimwa. Huyo alijua, nawaambia, alijua tangu siku ya kwanza!

Ng'ambo ya barabara kuna duka la mzee mmoja wa Pwani. Nikasikia barua ya majirani ya kupinga iko kwake. Nikaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Baridi kabisa.

"Nimekuja kutia sahihi ile barua."

Akaivuta, akaiweka chini ya kaunta. "Si wewe uliyenunua kwa yule bwana aliyekataa kutia sahihi?"

"Ndiyo mimi."

"Basi wewe ni mmoja wao. Umetumwa uje uone majina ya waliopinga."

Jamani! Mimi, wa kushuku chumvi, nashukiwa! Nilikasirika, lakini rohoni nikajua ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Shida ni kwamba ploti yangu ndiyo iliyopakana na hiyo ya kiwanda. Jirani wa karibu akinyamaza, kaunti itasema ameridhika.

Nilirudi nyumbani nikalia mbele ya mama. Akanisikiliza, akasema, "Nipeleke huko." Kesho yake vijana wakamteremsha, na siku hiyo hakujifunika uso. Tulipofika dukani akabisha hodi, akawekwa mlangoni na kiti chake.

"Baba, huyu binti yangu hajui kuongea na watu," akasema. "Mimi nimekuja kuona mahali nitakapokaa. Hebu niambie, huo moshi utatokea upande gani?"

Lori likapita, vumbi likaingia, mama akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mzee akamtazama. Akatoka mwenyewe nyuma ya kaunta, akamsogeza ndani na kumpa maji. Kisha akaitoa barua. "Tia sahihi, mwanangu. Na mama naye atie."

Tulipoipeleka, tuliwaomba maafisa wa kaunti jambo moja: waje siku ya kazi. Wakaja siku ya kazi, wakayaona malori kwa macho yao. Ombi likakataliwa. Simwamini yule jirani wa kiwanda, anaweza kuomba tena, na mimi geti lake bado nalichungulia. Lakini nilijenga.

Nawashukuru vijana wa ngazi zile, na majirani walioniamini ingawa iliwawia vigumu. Na nyinyi mnaotaka ploti, msiishie kuuliza ni ya nani. Ulizeni imeruhusiwa kufanyiwa nini, na jirani anaomba nini. Nendeni Jumatatu, nendeni Alhamisi, fungueni kila geti.

Leo nilimwomba mama aje mumsalimie. Amekataa. Anasema hana nafasi, ameketi nje mlangoni kwake na mzee wa duka, wanabishana kuhusu nazi.