Pointi Tisa na Jumanne Moja

DILWYN: Haloo? Nani huyo?

CARYS: Shikamoo, Baba. Ni Carys, nakupigia toka London. Mbona unahema?

DILWYN: Marahaba, mwanangu. Nimeshuka ngazi mbio. Si unajua mtandao wa huku Wales, mpaka nisimame dirishani pa jikoni ndipo—

CARYS: Ulikitazama kipindi cha *Kabichi Mwamuzi* jana?

DILWYN: Mimi? Na akili zangu? Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne! Kile kipindi sijakitazama hata dakika moja. Siku nikichekeshwa na kabichi lililovaa tai, nipelekeni nyumba ya wazee.

CARYS: Haya, profesa. Ila nina tiketi mbili. Alhamisi wanarekodi cha mwisho.

[Mtandao unakwaruza.]

DILWYN: Cha mwisho... cha msimu?

CARYS: Cha mwisho kabisa. Viti ni vilevile vya kila mwaka. Changu na... kile kingine.



DILWYN: Marehemu mama yako alikuwa akicheka anapiga magoti ya watu. Hata asiowajua.

CARYS: Sitaki kukaa na kiti kitupu, Baba. Njoo.

DILWYN: Nije kufanya nini? Mtu mzima anauliza kama bata anaweza kustaafu—

CARYS: Si ndiyo raha yenyewe! Mtangazaji anauliza kwa uso mkavu, kama anasoma taarifa ya habari. Timu mbili zinabishana kama wabunge, mishipa imewatoka. Halafu kabichi linatoa hukumu, linagawa pointi na hata siku za wiki, na wote wanatii!

DILWYN: Upuuzi.

CARYS: Basi namchukua Trefor wa ofisini.

DILWYN: Yule anayetafuna mdomo wazi? Akae kwenye kiti cha—

CARYS: Angalau yeye alitazama jana. Timu ya kushoto ilishinda kwa pointi tisa na Jumanne mbili.

DILWYN: Moja.

CARYS: Nini?

DILWYN: Sijasema kitu. Mtandao huo.

CARYS: Umesema "moja", Baba.

DILWYN: Nilikuwa nahesabu mayai. Nachemsha.

CARYS: Yai moja unalihesabu?

DILWYN: Carys, unakatika... kshshsh... kshsh...

CARYS: Hiyo kshsh ni mdomo wako!

[Mlango unafunguliwa.]

SAUTI YA MWANAMKE: Dilwyn! Nimekurudishia daftari lako la pointi! Nimejumlisha mara tatu, ile Jumanne sijui niiweke wapi!

DILWYN: Sss! Glenys, niko kwenye simu!

CARYS: Huyo si Bi Glenys, jirani? Mpe simu.

DILWYN: Ametoka.

GLENYS: Sijatoka. Lete hapa. Carys, mpenzi, hujambo?

CARYS: Sijambo, Bi Glenys. Eti baba yangu hakitazami kile kipindi?

GLENYS: Nani, huyu? Kila Ijumaa ananigongea ukuta niwahi! Jana alicheka hadi chai ikamtokea puani.

CARYS: Hee!

GLENYS: Tena anapiga goti, mwanangu. Goti langu! Tazama lilivyovimba... aa, huoni.



CARYS: Goti... Bi Glenys, nirudishie baba yangu.

DILWYN: Carys, chaji inaisha, imebaki asilimia moja—

CARYS: Moja au mbili?

DILWYN: Moja! Treni ya Alhamisi ni saa ngapi?

CARYS: Saa tatu asubuhi. Na usisahau—

DILWYN: Daftari, najua. Na huyo Trefor mwambie—

[Simu inazimika.]