Eliécer Sanabria Pulido, Mkimbiaji wa Nchi Mbili

Ndugu, majirani na marafiki, ahsanteni kwa kufunga maduka na kuacha mashamba ya kahawa ili kumsindikiza mzee wetu. Tumekuja kulia, lakini zaidi tumekuja kushukuru.

Marehemu Eliécer Sanabria Pulido alizaliwa tarehe 2 Machi 1934 huko Ventaquemada, Boyacá, nchini Kolombia. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Crisanto Sanabria na marehemu Mama Hermelinda Pulido, wakulima wa viazi.

Alisoma hadi darasa la nne. Shule ilikuwa ng'ambo ya kilima, na kwa kuwa aliupenda mno usingizi wa asubuhi, njia yote aliipiga mbio. Mama Hermelinda hakuchoka kuwaambia watu kwamba ni uvivu uliomfundisha mwanawe kukimbia.

Mwaka 1951 alikwenda Tunja kujifunza ufundi wa viatu. Huko ndiko alikoshinda marathoni yake ya kwanza, mwaka 1954, akiwa na viatu alivyovishona mwenyewe. Lakini nyakati zilikuwa mbaya. Watu waliuana kwa sababu ya vyama vya siasa, na nyumba ya wazazi wake ikachomwa moto. Mwaka 1958 alivuka mpaka na kuingia Venezuela, akafungua kibanda cha viatu hapa Rubio.

Siku zile mtu mzima akionekana anakimbia barabarani alfajiri, basi kaiba. Asubuhi moja ya mwaka 1959, binti mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yao alimkingia ufagio.

"Simama! Umeiba nini?"

"Sijaiba kitu, dada. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kuiba?"

"Ya marathoni."

"Na huyo Marathoni ndiye anayekufukuza?"

Binti huyo alikuwa Auristela Contreras. Walifunga ndoa tarehe 23 Julai 1960 katika kanisa la Santa Bárbara, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1961 viongozi wa riadha walimwambia kwamba akitaka kukimbia mashindano makubwa, achukue uraia wa Venezuela. Alikubali, kwa kuwa miguu haimngoji mtu. Mwaka uliofuata alishinda jijini Caracas. Kule Ventaquemada, Mama Hermelinda alikuwa ameketi kwa padri akisikiliza redio. Mtangazaji alipopaza sauti, "Sanabria wa Venezuela!", mama aliinuka na kuizima mwenyewe. Tangu hapo salamu zilikatika. Marehemu alitundika medali ya Caracas kibandani, lakini mtu akiisifia alibadili mazungumzo.

Mwaka 1965 ikaandaliwa marathoni ya kutoka Rubio hadi Cúcuta, upande wa Kolombia. Marehemu alifika kwenye daraja la mpakani akiongoza, wa pili hata haonekani. Katikati ya daraja alisimama mwanamke mwenye shali nyeusi na chupa mkononi. Alikuwa Mama Hermelinda, aliyesafiri siku mbili kwa basi.

"We mtoto! Mbona umekonda hivyo? Huko hawapiki?"

"Mama, niko kwenye mashindano!"

"Na mimi niko kwenye mashindano? Kunywa kwanza."

Akasimama. Akanywa maji yale ya sukari guru mpaka tone la mwisho, huku mama akimfuta jasho usoni kwa shali na wote wawili wakilia. Watatu wakampita. Kocha wake aliruka huku na huku, akipiga kelele kama aliyeumwa na nyigu. Marehemu alimaliza wa nne, na maisha yake yote alisema hakuna mbio alizozikimbia vizuri kuliko zile.

Alipostaafu mashindano mwaka 1972 alianza kuwafundisha wasichana wa Rubio, akianzia na bintiye Zoraida. Watu walimcheka: "Fundi kageuka mchunga mbuzi!" Yeye aliwashonea viatu, akaendelea. Wengi wenu, wasichana wake, mko hapa leo, na wengine mmekuja na wajukuu.

Mwaka 2007 moyo wake ulianza kudhoofika. Madaktari na wauguzi wetu walimtunza kwa upole, nasi tunawashukuru. Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 15 Novemba 2009, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Dada yake, Shangazi Custodia, alifika juzi kutoka Ventaquemada na jambo moja moyoni: kumrudisha kaka yake alale karibu na mama yao. Mama Auristela hakubishana naye. Alimwomba tu akae mkeshani. Shangazi alikaa, akawaona wanawake wa Rubio wakiingia mmoja mmoja, wazee na vijana, kila mmoja akigusa jeneza na kusema, "Ahsante, mwalimu." Kulipokucha alivua shali nyeusi aliyorithi kwa mama yake, akamfunika nayo kaka yake.

"Mwacheni hapa," akasema. "Huku nako ni kwao."

Marehemu ameacha mke, Auristela, watoto, Zoraida, Crisanto na Nerio, dada, Custodia, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Mungu aliyempa pumzi ya kukimbia, sasa ampe ya kupumzika. Alale kwa amani.