Mlango wa Maarit

Kwenye basi la Dakar, kiti cha mbele yangu alikaa Maarit, Mfini aliyejitolea kufundisha kijijini kwetu miaka miwili, sasa anarudi kwao. Akamwambia jirani yake, Mama Coumba, "Hakuna hata mmoja aliyekuja kubisha hodi kwangu."

"Mwanangu, mlango wako ulikuwa umefungwa mchana kutwa. Kwetu anayefunga mlango mchana hataki watu."

"Nilifunga kwa sababu ya mbuzi, mama."

Mbuzi wenyewe, kijiji kizima tunajua, ni wa Mama Coumba.

"Kila adhuhuri tulikuachia nafasi kwenye sinia," akasema.

"Si mngeniita?"

"Si ungefungua?"

Basi likasimama njia panda ya uwanja wa ndege. Maarit akashuka. Mama Coumba alibaki amejibana pembeni mwa kiti, kamwachia nafasi yake.