Mwalimu Mageni, Mzee wa Msukumo

Baada ya miaka thelathini ya kufundisha fizikia, Mwalimu Donatus Mageni anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, 1996. Tumeambiwa tuandike kwa furaha, na tunajitahidi. Lakini kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, wa kumrithi hajapatikana, na hapa ofisi ya walimu hakuna aliyetulia.

Yeye mwenyewe hajawahi kutulia. Alianzia kazi Geita. Watu walipotua mwezini alisikiliza redio akiwa amesimama, na kesho yake akaliacha somo la nyenzo, akachora ubao mzima injini tano za roketi ile. Mwaka 1974 alihamia shuleni kwetu Kambarage, na mpaka leo kiti chake hakijapata joto. Huwaambia wanafunzi kwamba injini za roketi ni ndugu zetu: zinatupa moshi nyuma ili chombo kiende mbele, kazi yao ni kusukuma, basi ni Wasukuma. Darasa linacheka, na somo limeshaingia.

Tatizo ni herufi r. Mwaka 1988 alikwenda kwa Vipul, sonara wa mjini, kuagiza mdomo wa shaba wa kutolea maji kwa ajili ya roketi ya chupa za maji ya klabu ya sayansi. Kwa lafudhi yake ya Kisukuma, alisema anataka kitu kizuri cha "loketi". Vipul akamtengenezea loketi kweli, kidani cha fedha chenye nafasi ya picha. Mwalimu aliona haya kukirudisha. Mkewe, Mama Limi, alikivaa Krismasi ile, na sisi wanaume tukasemwa majumbani mwetu kwa kutojua mapenzi.

Mdomo ulipatikana baadaye. Kwenye mahafali ya 1993, chupa mbili za pembeni zilitakiwa kuisukuma ile ya katikati, kisha zidondoke pamoja. Moja iling'ang'ania kwenye kamba yake. Roketi ikapinda, ikapita juu ya mgeni rasmi na kuishia kwenye sufuria ya pilau. Mwalimu alifika wa kwanza, si kuomba radhi, bali kukagua kamba. Mwaka uliofuata zilidondoka zote mbili, na tulishangilia kama wehu.

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kumuaga, Mkuu wa Shule, Mama Scolastika, alimfananisha na yale mapipa ya pembeni ya roketi, yanayoisukuma juu kisha yakadondoka baharini: amewapandisha wengine, sasa aanguke apumzike. Mwalimu Mageni akasimama kabla hajapewa nafasi.

"Samahani, mama. Yale mapipa ya Wamarekani hayaachwi baharini. Wanayaokota, wanayajaza tena."

Tulicheka sana. Mama Scolastika hakucheka. Alimuuliza palepale siku zipi zinamfaa.

Asante, Mwalimu, kwa kutusukuma sote. Tunakutakia wewe na Mama Limi mapumziko mema siku zote, isipokuwa Jumatatu na Alhamisi. Kidato cha nne wanakusubiri saa mbili asubuhi.