Nukta Zilizolala

Dada yetu, ambaye mtaani mlimwita Bibi Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili wa fundi viatu na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Alizaliwa akiona. Surua ilimpata akiwa na miaka sita, ikaondoka na macho yake, ikamwachia ulimi ambao wengi wenu mnaukumbuka.

Alisoma shule ya bweni ya wasioona, akahitimu ualimu mwaka 1984. Huko ndiko alikojifunza nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole. Karatasi hutobolewa kwa kalamu ya chuma kutoka kulia kwenda kushoto, ili ikigeuzwa isomeke. Shemeji yetu, fundi redio, alipoanza kumzungukazunguka, alijifunza kidogo, akamtobolea barua kutoka kushoto. Yote ikatoka kinyumenyume. Dada akamjibu, "Umeniandikia kama mtu anayenikimbia, lakini njoo." Walifunga ndoa mwaka 1988, wakajaliwa mabinti wawili.

Baada ya miaka mingi darasani alihamishiwa ofisi ya mitihani, kugeuza maswali kuwa nukta nundu kwenye kompyuta. Aliipenda kazi ile hadi ikawa kero. Mezani alitueleza, tutake tusitake, kwamba ndani ya kompyuta kila kisanduku cha nukta, yaani nafasi ya herufi moja, kina namba yake, kama ilivyo kwa herufi, na hata kisanduku kitupu kina ya kwake. Namba inasema ni nukta zipi zimeinuka, basi. Karatasi yenyewe haiinuki mpaka faili lipelekwe kwenye mashine ya kutoboa.

Mwaka 2016 alikabidhi faili la mtihani wa kumaliza shule wa watoto wasioona, akasema kwa kinywa chake liende kwenye mashine hiyo. Mkuu wa uchapaji alilifungua, akaona nukta zimejipanga vizuri kwenye kioo, akaridhika. Akazichapa kwa wino, kwenye printa ya kawaida.

Asubuhi ya mtihani dada alikuwa amesimama kwenye korido. Alimsikia msichana mmoja akisema, "Mwalimu, karatasi yangu haina kitu."

Msimamizi akamjibu, "Nukta hizo hapo, mbona mimi naziona?"

Watoto wale walipapasa karatasi laini mpaka kengele ikalia, wakapewa sifuri. Kamati ikaketi, ikaamua kwamba faili lilikuwa bovu, na kwamba aliyelitengeneza haoni, kwa hiyo asingeweza kulikagua. Dada akastaafishwa. Aliomba mara kadhaa lifunguliwe mbele yake, akaambiwa mambo yamekwisha. Yalikwisha kwao. Yeye yalimla, na sisi tulikuwa tunaona.

Sukari ilimwanza mwaka 2019. Mwishoni ilimwondolea hisia kwenye ncha za vidole, akawa hawezi kusoma hata jina lake. Alifariki hospitalini tarehe 14 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa amemwambia, "Waambie faili lilikuwa zima."

Kijitabu hiki kimechapwa kwa hisani ya ofisi ile, nasi tunashukuru. Nadhani hawakukisoma kwanza; ndiyo kawaida yao. Kwenye jalada wameweka jina la dada kwa nukta. Ninyi wanafunzi wake msijisumbue kupapasa, ni wino. Nendeni ukurasa wa mwisho. Hapo shemeji ametoboa kila nakala kwa kalamu ya dada, kutoka kulia, na safari hii hakukosea. Ameandika maneno yale aliyotumwa. Wakubwa wa ofisi mlioketi mbele, mkishindwa kuyasoma, waulizeni watoto wale. Wamekaa nyuma yenu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na darasa zima lisilo na cheti.

Alale kwa amani. Hasira ameturithisha sisi.